Masanduku matatu ya fundi cherehani: uchambuzi wa kisa cha kuwaachia kumbukumbu wajao

Majina, mahali na tarehe vimeondolewa, na baadhi ya umri umesogezwa kidogo ili wahusika wasitambulike. Mpangilio wa kazi, vipimo, na makosa yaliyotokea yameachwa kama yalivyokuwa, kwa sababu ndiyo yenye faida kwa familia nyingine inayotaka kufanya kazi kama hii.

Usuli

Mwenye kumbukumbu, ambaye hapa ataitwa Bibi, alikuwa na miaka 79 kazi ilipoanza. Alikuwa ameshona nguo za watu kwa miaka 46. Alikuwa mjane, mama wa watoto wanne, na ana wajukuu 11. Miezi miwili kabla, daktari alikuwa amemweleza yeye na binti yake wa pili kwamba ana dalili za mwanzo za ugonjwa wa Alzheimer. Alikuwa bado anajihudumia kwa kila kitu. Kilichokuwa kinampotea ni majina ya watu wapya na mambo ya juzi na jana.

Hali hiyo iliamua mengi. Katika hatua za mwanzo, Alzheimer hula kumbukumbu za karibuni kabla ya zile za zamani. Tena, hata kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wowote, kumbukumbu zinazokuja kwa wingi na kwa uwazi ni za kati ya miaka 10 na 30 hivi. Kwa hiyo kulikuwa na mengi ya kuvuna, lakini muda ulikuwa wa miezi.

Vitu vyenyewe vilijaa masanduku matatu. Kulikuwa na picha 2,340, nyingine kwenye albamu na nyingine zimetupwa tu humo, kaseti 14, madaftari 22 ya vipimo vya wateja, vifurushi viwili vya barua, na rundo la karatasi za kukatia nguo alizozichora mwenyewe.

Watoto walitaka kitabu cha maisha ya mama yao. Bibi mwenyewe alitaka kitu kingine, na alikisema siku ya kwanza: “Sitaki kitabu cha kunisifu. Nataka wajue kwa nini nilifanya nilivyofanya.” Ilichukua wiki tatu mpaka watu wakaisikia sentensi hiyo.

Watendaji walikuwa wawili. Binti wa pili alikuwa na nafasi Jumamosi, na mjukuu wa kike wa miaka 24 alikuwa na jioni mbili kwa wiki. Walikuwa wakimuuliza ushauri mhifadhi wa nyaraka, naye alipitia mpango wao mara tatu.

Mwanzo ulioharibika

Kikao cha kwanza kilifanyika sebuleni, watu watano wakisikiliza. Simu iliwekwa mezani, mita moja na nusu kutoka kwa Bibi, feni ikizunguka na jokofu likinguruma upande wa pili wa ukuta. Binti alikuwa na orodha ya maswali 120. “Ulizaliwa mwaka gani? Shule ya kwanza ilikuwa wapi? Uliolewa lini?”

Baada ya dakika 40 walikuwa wamepita maswali 31, na majibu mengi yalikuwa ya sentensi moja. Mara mbili mwana wa kwanza alimkatiza kusahihisha mwaka: “Hapana mama, ilikuwa kabla ya hapo.” Kuanzia mara ya pili, Bibi akawa anajibu, “Muulize yeye.” Kisha akasema amechoka.

Rekodi ile haikutupwa, lakini haisikiki vizuri. Uharibifu mkubwa ulikuwa kwa Bibi mwenyewe. Mtu aliyeambiwa na daktari kwamba akili yake inaanza kupoteza vitu alikuwa amewekwa kwenye mtihani wa tarehe mbele ya wanawe. Alikataa kukaa tena kwa siku 16.

Kikao kilivyopangwa upya

Mhifadhi alishauri mambo mawili ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo yaliyoiokoa kazi. La kwanza, tarehe zisiulizwe kabisa. Tarehe ziko kwenye vyeti, nyuma ya picha, na kwenye barua. Muda wa mzee utumike kwa kile ambacho hakiko kwenye karatasi yoyote. La pili, awepo msikilizaji mmoja tu, naye awe yule ambaye hajui kisa. Mtoto aliyekuwepo tukio likitokea huwa mgumu wa kusikiliza, maana tayari ana yake. Mjukuu ndiye aliyekaa.

Chumba kilibadilishwa. Walihamia chumba cha kulala, kwa sababu godoro, mapazia na nguo hunywa mwangwi. Jokofu lilizimwa kwa saa moja, na funguo za nyumba zikawekwa ndani yake ili mtu asitoke bila kuliwasha tena. Kipaza sauti kidogo cha kubana kilibanwa kwenye nguo, sentimita 20 chini ya kidevu, mbali na mkufu. Kinasa sauti kiliwekwa kwenye WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, biti 24, 48 kHz, mkondo mmoja (mono). Kiwango cha sauti kilirekebishwa ili kilele kicheze karibu na desibeli −12, kwa sababu mzee akicheka ghafla sauti inayogonga sifuri, yaani kikomo cha kinasa, hupasuka na haitengenezeki tena. Simu ya pili ikiwa katika hali ya ndegeni ilirekodi pembeni kama akiba. Iliokoa kikao cha nne, betri ya kinasa ilipokwisha dakika ya 38.

Kila rekodi ilianza na sekunde 30 za kimya cha chumba, ambazo hutumika baadaye kupunguza kelele, halafu mjukuu akataja tarehe, namba ya kikao na waliopo. Vikao vilikuwa saa nne asubuhi, saa ambayo Bibi huwa mchangamfu, na havikuzidi dakika 75.

Badala ya maswali, vililetwa vitu. Kikao cha pili Bibi alipewa karatasi kubwa na penseli, akaombwa achore ramani ya nyumba aliyokulia. Akachora mlango, akachora dirisha, akachora mahali mama yake alipokuwa akiketi. Kisha mjukuu akamwambia, “Bibi, niingize ndani.” Wakapita chumba kwa chumba kwa saa nzima. Katika dakika 70 za kikao hicho mjukuu aliuliza maswali tisa tu. Mbinu hii inafanya kazi kwa sababu kumbukumbu ya mahali huvuta kumbukumbu ya watu waliokuwa mahali hapo, na mzee hapimwi kwa lolote: hakuna jibu sahihi la nyumba aliyokulia isipokuwa lake.

Vikao vilivyofuata vilitumia mkasi wake wa kwanza, daftari la vipimo la mwaka wa kwanza wa kazi, na picha. Kanuni ya mjukuu ilikuwa moja: Bibi akinyamaza, ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kusema neno. Ukisikiliza rekodi, sehemu nzuri kuliko zote zinakuja baada ya kimya cha sekunde sita, saba.

Vikao vilifika 11, jumla ya saa 11 na dakika 20. Kimoja tu kilipigwa video. Mjukuu aliona kamera ikimfanya Bibi ajiweke sawa na kuchagua maneno, akaiacha. Aliitumia kwa mikono tu: dakika 35 za Bibi akikata kitambaa, kamera ikiwa juu ya bega lake la kulia ili mtazamaji aone kile anachoona mkataji. Akitamka anachofanya, unasikia kwa nini anaacha sentimita mbili mshononi pale ambapo wengine huacha moja: nguo ya mtoto lazima iweze kufunguliwa mwakani.

Picha: majina kabla ya skana

Familia ilitaka kuanza na skana. Mhifadhi alikataa, na alikuwa sahihi. Skana inaweza kufanywa mwaka wowote. Majina yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na kichwa hicho kilikuwa kinafutika.

Picha 2,340 zilichujwa kwa siku mbili za Jumamosi. Ilibaki picha iliyotimiza moja kati ya haya: ina sura isiyopatikana kwenye picha nyingine, inaonyesha kazi au mahali palipokwishapotea, au Bibi alipoishika alianza kusema. Zilibaki 412. Nyingine hazikutupwa, zilirudi sandukuni.

Kila iliyobaki ilipewa namba nyuma kwa penseli laini, kuanzia P-001, picha ikiwa imelala juu ya kioo kigumu na mkono ukiwa mwepesi. Kalamu ya biki huchimba ikatokea upande wa sura, na kalamu ya wino wa maji huvuja ikachafua picha ya jirani. Kwa picha za rangi zenye mgongo wa plastiki, ambao haushiki penseli, namba iliandikwa kwenye bahasha. Kisha Bibi alizishika moja moja kinasa kikiwa kinafanya kazi, na mjukuu akataja namba kwa sauti kabla ya kila moja. Ndivyo maelezo ya picha yalivyopatikana kwa sauti yake mwenyewe, bila mtu kuandika chochote mbele yake.

Baadaye maelezo yaliandikwa kwa kanuni kali: jina kamili, uhusiano na Bibi, mahali, na kilichokuwa kinaendelea. Neno “mama” au “shangazi” peke yake lilipigwa marufuku. “Mama na shangazi harusini” ni maelezo yanayoeleweka kwa kizazi kimoja tu. Baada ya miaka 60 hakuna atakayejua ni mama wa nani.

Skana ilifuata: TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, nukta 600 kwa inchi, na 1,200 kwa picha ndogo zisizofika sentimita sita. Picha ya sentimita 10 kwa 15 kwa kipimo hicho ni kama MB 25. Albamu mbili zilikuwa za kurasa zenye gundi na karatasi ya plastiki juu, aina inayogeuka manjano na kushika picha kama saruji. Uzi wa kusafishia meno, usio na nta, ulipitishwa polepole nyuma ya picha, ukivutwa kushoto na kulia. Picha 19 zilikataa kutoka. Ziliachwa palepale zikaskanwa na ukurasa wake, maana kulazimisha kungezipasua. Zilizotoka ziliwekwa kwenye mifuko ya polipropilini. Plastiki ya PVC haikutumika, kwa kuwa inapozeeka hutoa tindikali inayoharibu picha.

Sura 61 katika picha 35 Bibi hakuzitambua. Hakubanwa. Picha zikawekwa bahasha ya peke yake.

Kaseti

Kaseti 14 zilidhaniwa ni za muziki. Tatu kati yake zilikuwa na sauti ya marehemu mume wake, barua za sauti alizomtumia akiwa kazini mbali.

Kabla ya kuzigusa, vile vijino viwili vya plastiki vilivyo juu ya kila kaseti vilivunjwa ili mashine isiweze kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Vichwa vya mashine vilisafishwa kwa alkoholi ya isopropili, gurudumu la mpira likafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kwa sababu alkoholi hukausha mpira. Kwa kila kaseti, skrubu ndogo pembeni ya kichwa ilizungushwa kidogo kidogo huku mtu akisikiliza, mpaka sauti za “s” na “sh” zikawa kali kabisa. Hapo kichwa kimelingana na mkanda. Hatua hii huchukua dakika mbili na wengi huiruka, halafu wanalalamika kwamba kaseti ya zamani inasikika kama mtu aliyejifunika blanketi. Kaseti mbili zilikuwa zimepoteza kile kipande kidogo cha sponji kinachosukuma mkanda kwenye kichwa, na mikanda yake ilihamishiwa kwenye maganda mapya yenye skrubu.

Zilinakiliwa kwa biti 24 na 48 kHz, kiwango ambacho miongozo ya IASA, jumuiya ya kimataifa ya wahifadhi wa sauti, inakitaja kuwa cha chini kabisa. Saa moja ya mikondo miwili (stereo) ni kama GB 1.

Kikao cha saba

Katika kikao cha saba Bibi alisema jambo ambalo watoto wake wanne hawakulijua. Linahusu mtu mwingine aliye hai. Yaliyomo hayataandikwa hapa.

Mjukuu alizima kinasa, akamuuliza kama anataka kuendelea, na kama anataka jambo hilo lirekodiwe. Bibi alitaka yote mawili. Baadaye mhifadhi alitoa hoja ambayo familia nyingi hazifikirii: mwenye kumbukumbu ana haki ya kusimulia maisha yake, lakini kisa chenye watu wawili si mali ya mmoja. Bibi aliamua kumwandikia mhusika kwanza, yeye mwenyewe, kabla ya kuamua lolote kuhusu rekodi. Barua ilipelekwa kwa mkono. Mhusika alijibu baada ya wiki tano, akaomba rekodi ibaki imefungwa maisha yake yote.

Kutokana na hilo ziliwekwa ngazi tatu kwa kila rekodi, Bibi akitia sahihi kwenye ukurasa mmoja: ya wazi kwa familia sasa, ya kufunguliwa baada ya kifo chake, na iliyofungwa kwa masharti yaliyoandikwa. Vikao tisa viliingia ya kwanza, kimoja ya pili, na cha saba ya tatu.

Unukuzi, barua na kitabu

Kunukuu saa moja ya mazungumzo neno kwa neno huchukua mtu asiyezoea saa tano mpaka sita. Kwa hiyo vikao vitano tu vilinukuliwa vyote. Vilivyobaki viliandikiwa fahirisi ya muda: kila dakika mbili au tatu, mstari mmoja wa kinachosemwa. Anayetafuta “mkasi” anaupata ulipo, kisha anasikiliza.

Rasimu ya kwanza ya unukuzi ilikuwa safi mno. Binti alikuwa ameondoa marudio, amenyoosha sarufi, na kuandika “nilihuzunika” pale Bibi aliposema “moyo ulikuwa unanishuka tu, unanishuka.” Wajukuu wawili waliposomewa walisema huyu si Bibi. Rasimu ilirudishwa: yaliondolewa “eeh” na maneno yaliyokatika katikati, mengine yote yakabaki.

Bibi alisomewa kila ukurasa kwa sauti na kurekebisha alipotaka. Utaratibu huu wa kurekodi, kunukuu, kuhariri na kumsomea mwenyewe ndio uti wa mgongo wa tiba ya heshima aliyoibuni daktari wa akili Harvey Chochinov wa Kanada kwa wagonjwa walio karibu na kufa. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2005, asilimia 91 ya wagonjwa 100 walisema wameridhika. Hapa ulileta jambo ambalo halikutarajiwa: akisomewa maneno yake, Bibi alikuwa akisema “na tena,” kisha anaongeza. Karibu robo ya kitabu ilitokana na “na tena” hizo.

Binti alitaka kuiondoa sura ya miaka ambayo biashara ilikufa na ndoa ikayumba. Mjukuu alimletea kazi ya Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliotengeneza maswali 20 ya kupima mtoto anajua nini kuhusu familia yake. Watoto waliojua zaidi walionekana kuwa na kujithamini zaidi. Huo ni uhusiano tu, hauthibitishi kwamba visa ndivyo vilivyowajenga. Ila Duke mwenyewe alisisitiza kwamba visa vyenye nguvu ni vile vya kupanda na kushuka, si vya kupanda tu. Sura ilibaki.

Barua za wajukuu 11 zilianza vibaya pia. Tatu za kwanza zilikuwa mawaidha matupu, na ungeweza kubadilisha majina bila mtu kugundua. Zilipangwa upya kwa vipande viwili: jambo moja ambalo Bibi alimwona mjukuu huyo akilifanya, na jambo moja la maisha yake linalofanana nalo. Ukurasa mmoja, usizidi. Aliziandika kwa mkono nane, na tatu za mwisho aliziamuru kwa mdomo mkono ulipoanza kutetemeka, akatia sahihi.

Kitabu kilichapishwa nakala 20, kurasa 128, kwenye karatasi isiyo na tindikali inayofuata kiwango cha ISO 9706, na kikashonwa kwa uzi badala ya kubandikwa kwa gundi. Kilichobandikwa huachia kurasa mgongo unapokauka.

Uhifadhi

Jumla ya faili zote, video ikiwemo, haikufika GB 40. Zilitengenezwa nakala tatu: diski mbili za nje na hifadhi ya mtandaoni. Kikao cha saba peke yake kiliwekwa kando, kwenye flashi yenye nenosiri. Kila faili lilipewa namba ya ukaguzi ya SHA-256, iliyoandikwa kwenye orodha. Faili likibadilika hata biti moja, namba haitalingana. Nakala za kusomeka zilikuwa PDF/A, aina ya PDF ya kuhifadhiwa muda mrefu, na JPEG, na ndani ya kila folda kuu palikuwa na faili la maandishi matupu linaloeleza kilichomo. Orodha nzima ilichapishwa pia kwenye karatasi.

Mjukuu aliteuliwa kuwa mtunzaji. Binamu yake akawa naibu.

Matokeo

Kufikia mwezi wa nane wa kazi Bibi hakuweza tena kukaa kikao. Alifariki miezi 19 baada ya kazi kuanza. Hali iliyoelezwa hapa ni ya mwaka wa tatu tangu mwanzo.

Kinachotumika kweli ni kidogo na hakikutabiriwa. Rekodi nzima karibu hakuna anayezisikiliza. Vipande 87 vya dakika moja mpaka nne, ambavyo mjukuu alivikata kwa ajili ya mazishi, vimeenea kwenye simu za ukoo wote. Wajukuu wawili wanashona kwa kufuata karatasi za kukatia na video ya mikono. Barua zinatunzwa na wenyewe, na wasiopungua sita wamezisoma zaidi ya mara moja.

Hasara zilikuwa mbili. Bomba lilipasuka nyumbani kwa binti na kulowesha kabati moja lililokuwa na diski zote mbili. Kisha mjukuu alipata kazi nchi nyingine, akabadilisha simu, na nenosiri la kifaa kilichobeba kikao cha saba likapotea. Rekodi ile haifunguki tena.

Uchambuzi

*Kilichofaa.* Kubadilisha msikilizaji kuliipa kazi faida kuliko kifaa chochote. Kutanguliza majina kabla ya skana ndiko kulikookoa picha: ukaguzi wa mwaka wa tatu ulionyesha kwamba watu 140 waliotajwa na Bibi hawatambuliwi na mwanafamilia mwingine yeyote aliye hai. Kama skana ingetangulia, wiki tisa zingeishia kwenye mashine, na mwezi wa nane ungefika mapema.

Kumfikia mhusika wa kikao cha saba kwa barua kwanza kuligeuka kuwa ulinzi wa pili. Rekodi imepotea, lakini neno lilimfikia mwenyewe, kutoka mkono wa aliyelisema.

*Kilichoshindwa.* Diski mbili katika kabati moja ni nakala moja. Kanuni ya nakala tatu, aina mbili za hifadhi, na moja mahali pengine ilijulikana kwa watendaji, lakini diski ya pili “ingepelekwa wiki ijayo” kwa miezi 14. Hifadhi ya mtandaoni ndiyo iliyobaki, nayo ilikuwa chini ya akaunti binafsi ya mjukuu, bila mrithi aliyesajiliwa. Google ina mpangilio wa akaunti isiyotumika unaokuruhusu kutaja mpaka watu 10 watakaopewa faili baada ya kimya cha miezi 3, 6, 12 au 18. Apple ina mtu wa urithi, ambaye huhitaji msimbo na cheti cha kifo. Kumsajili mrithi ni kazi ya dakika kumi. Kutomsajili kungeweza kugharimu kila kitu, kwa kuwa tangu mwaka 2023 sera ya Google inaruhusu kufuta akaunti binafsi zilizokaa miaka miwili bila kuguswa.

Nenosiri la kikao cha saba lilikosewa tangu mwanzo. Siri ya miaka mingi haikabidhiwi kichwa kimoja. Ingetosha nenosiri kuandikwa kwenye karatasi, kugawanywa nusu mbili katika bahasha mbili zilizotiwa lakiri, na kuwekwa kwa watu wawili wasioishi pamoja. Tena kifaa chenyewe kilikuwa flashi, ambayo ikikaa miaka bila umeme chaji yake huvuja na data ikaharibika hata kama nenosiri lipo.

Naibu aliteuliwa kwa jina tu. Hakuwahi kuonyeshwa folda wala kufungua orodha, na hakuwa na nenosiri lolote. Mtunzaji alipoondoka, miezi 14 ilipita bila ukaguzi, na maji yalipoingia naibu hakujua hata diski ziko wapi. Naibu anatakiwa kufanya ukaguzi wa kwanza yeye mwenyewe, mtunzaji akiwa ameketi pembeni mikono mapajani. Ni siku moja kwa mwaka: kulinganisha namba za ukaguzi, kufungua faili kumi bila mpangilio, na kubadilisha diski iliyofikisha miaka mitano.

Mwana wa kwanza naye alikosewa. Baada ya kikao cha kwanza aliondolewa kimya kimya, hakuna aliyemweleza kwa nini. Hakusoma kitabu kwa mwaka mzima. Alikuwa na kumbukumbu zake, nyingi sahihi, na zilistahili kikao chake mwenyewe katika chumba kingine. Alirekodiwa hatimaye katika mwaka wa pili, saa mbili na nusu, na pale masimulizi yake yanapopingana na ya Bibi, yote mawili yameachwa yakiwa na jina la msemaji.

*Kinachoendelea.* Diski mpya mbili, za watengenezaji tofauti, ziko katika miji miwili. Akaunti imehamishwa kuwa ya familia, ikiwa na warithi watatu waliosajiliwa. Bahasha ya picha 35 zisizotambuliwa ilinakiliwa kwa ukubwa wa ukurasa na kupelekwa kwa wanawake wawili wa rika la Bibi walio hai. Mmoja, mwenye miaka 84, ametaja sura 22 kati ya 61. Mjukuu mwingine, wa miaka 17, amepewa kinasa na anakwenda kwake kila mwezi na picha tano.